.30-06 ama 6.5 Creedmoor: bunduki moja ya kuvuka nayo mpaka

Mzee_wa_Menengai (Nakuru)

Wadau, salamu. Niweke jambo moja wazi mapema ili uzi usipotee njia. Uwindaji wa wanyamapori hapa Kenya ulipigwa marufuku Mei 1977 na hadi leo haujafunguliwa. Ngiri akimaliza mahindi yako Solai, ama nyani wakivamia shamba Njoro, unapigia simu KWS, shirika la wanyamapori. Bunduki inabaki kwenye sefu. Swali langu linawahusu wenye vyeti halali wanaovuka kwenda Uganda, Tanzania au kusini zaidi, ambako uwindaji una leseni.

Nataka bunduki moja ya bolti, ile ya kukoki kwa mkono. Zilizo mezani ni mbili, za kiwanda kimoja, kila moja kama kilo 3.6 pamoja na darubini. Moja ni .30-06 Springfield, ya pili 6.5 Creedmoor. Wanyama ninaowafikiria ni kobu na kongoni upande wa Uganda, swala pala, nyumbu na punda milia Tanzania, halafu tandala na choroa Namibia au Zimbabwe. Nyati hayumo. Umbali mwingi ni mita 80 hadi 200.

Naomba hoja zenye namba. "Hii ndiyo ya kisasa" kwangu si hoja, na "hii ilitumiwa na babu" pia si hoja.

Fundi_Lanet

Mzee, tuanze na chuma chenyewe.

.30-06 ilipitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Ganda lake lina urefu wa milimita 63.3, risasi nzima milimita 84.8, na kichwa cha risasi kina kipenyo cha milimita 7.82. 6.5 Creedmoor ilitolewa na Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha za mbali, wawindaji wakaichukua baadaye. Ganda milimita 48.8, risasi nzima 71.8, kichwa milimita 6.72.

Kwa hiyo risasi ya Creedmoor ni fupi kwa milimita 13. Bolti inasafiri mwendo mfupi zaidi na bunduki inaweza kuundwa fupi na nyepesi. Kwa .30-06 bolti lazima ivutwe hadi mwisho kabisa. Mtu mwenye haraka huivuta nusu, ganda tupu linatoka lakini risasi mpya haichukuliwi kutoka kwenye magazini, na anakuja kufyatua chemba tupu mnyama akiwa bado amesimama. Hilo linaondolewa kwa mazoezi ya mkono ukitumia risasi bandia, si kwa kubadilisha kaliba (ukubwa wa risasi).

Sasa mwendo. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) hutoka mtutuni kwa takriban futi 2,700 kwa sekunde, yaani mita 823. Creedmoor ya greni 143 nayo hutoka kwa futi 2,700 hizo hizo. Nguvu mtutuni: .30-06 kama juli 3,950, Creedmoor kama juli 3,140.

Ukilenga zote mbili ziguse katikati kwa yadi 200, kwenye yadi 300 (mita 275 hivi) Creedmoor imeshuka kama sentimita 20 na .30-06 kama 21 au 22. Tofauti ni sentimita moja na kitu. Hakuna mwindaji anayeweza kuitumia tofauti hiyo akiwa amesimama, bunduki ameiegemeza kwenye fimbo tatu, jasho linamtoka.

Upepo ndio unaozitenganisha. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipuliza kutoka ubavuni, kwa yadi 300 Creedmoor inasukumwa kama sentimita 13 na .30-06 kama 17. Kichwa cha 6.5 ni kirefu na chembamba, kinapasua hewa vizuri. Kwa mita 80 hadi 200 unazozitaja wewe, tofauti hiyo inabaki ndogo sana.

Kisumu_Dunga

Fundi ameruka teke la bunduki, na teke ndilo linaloharibu shabaha za watu wengi kuliko upepo wote wa Afrika Mashariki. Kwa bunduki ya kilo 3.6, .30-06 ya greni 180 inarudi begani na juli 27 hivi. Creedmoor inarudi na 16 au 17. Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua atamjeruhi mnyama hata ukimpa kaliba gani. Anayepiga risasi chache kwa mwaka, na wengi wetu tuko hapo kwa sababu ya bei na uhaba wa viwanja, atalenga vizuri zaidi na Creedmoor.

Halafu wanaosema 6.5 ni ndogo wasisahau kwamba kichwa chembamba na kirefu huingia ndani sana. Bell, yule mwindaji ndovu wa zamani, alianzia safari zake hapa Mumias kwenda Karamoja, akaua ndovu kwa mamia na .275 Rigby, ambayo ni 7x57 Mauser ya miaka ya 1890. Ndovu! Wewe unaongelea kongoni.

Elgon_Mashariki

Ndugu wa Dunga, kuhusu teke nakuunga mkono. Kuhusu Bell, hapana, na ningeomba mfano huo usitumike kumshauri mtu anayeanza.

Bell alitumia vichwa vigumu visivyopanuka, vya greni 173, na mara nyingi alilenga ubongo. Alisoma mafuvu ya ndovu mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande, na alisogea karibu. Kichwa kigumu kinatoboa tundu dogo lililonyooka. Ukikitumia vile vile kwenye mapafu ya kongoni, kinapita upande wa pili na mnyama anakimbia mbali kabla ya kuanguka. Alichofanya Bell kinathibitisha kwamba kichwa kirefu kilichoundwa vizuri huingia ndani. Hakithibitishi kwamba kaliba ndogo inatosha kwa kila mtu. Leo Tanzania haikuruhusu kumwinda ndovu wala nyati na chochote chini ya .375.

Na sheria ndiyo inayopaswa kukata shauri hili kabla ya teke wala upepo. Mzee amesema Zimbabwe na Namibia, kwa hiyo asikilize vizuri.

Zimbabwe inapanga wanyama kwa makundi. Swala pala, ngiri, tohe na wadogo wengine: kaliba isiwe chini ya milimita 5.6, nguvu juli 850. Tandala, choroa, nyumbu, punda milia, kuro na palahala: kaliba isiwe chini ya milimita 7, nguvu juli 3,000. Pofu, twiga na simba: milimita 7 na juli 4,300. Nyati, ndovu na kiboko: milimita 9.2 na juli 5,300.

Tazama Creedmoor imeangukia wapi. Juli 3,140 zinatosha kwa tandala, lakini kipenyo cha milimita 6.72 hakitoshi. Haijalishi unapiga shabaha vizuri kiasi gani, tandala wa Zimbabwe humpigi nayo. .30-06 inaingia kwa tandala na punda milia bila shida. Ila na yenyewe ina mpaka wake: juli 3,950 haziwafikii pofu wanaodai 4,300. Anayemtaka pofu kule akodishe kitu kikubwa zaidi, kwa mfano .375 H&H ya mwaka 1912, ambayo kwa kichwa cha greni 300 hutoa kama juli 5,700 na kukidhi makundi yote manne.

Namibia inapima nguvu mtutuni: juli 1,350 kwa swala wadogo, 2,700 kwa tandala, choroa, nyumbu, kongoni na pofu, na 5,400 kwa nyati na ndovu. Kwa nguvu peke yake zote mbili zinapita 2,700, lakini Creedmoor ya greni nyepesi kwenye mtutu mfupi husogelea ukingo. Namba ya kwenye boksi ilipimwa kwa mtutu wa inchi 24. Mtutu wako ukiwa na inchi 20, toa kama futi 80 hadi 100 kwa sekunde kisha upige hesabu upya.

Kwa Uganda na Tanzania, omba kampuni ya uwindaji ikutumie masharti kwa maandishi kabla hujalipa.

Kisumu_Dunga

Hilo la milimita 7 limeniziba mdomo kwa upande wa Zimbabwe. Nashikilia Creedmoor kwa anayebaki na kobu, swala pala na ngiri.

Mzee_wa_Menengai

Shukrani sana. Kobu dume ana kilo 90 na kitu, kongoni wa Jackson 140 hadi 170, nyumbu 200 na zaidi, punda milia karibu 300. Kichwa gani kifungwe kwenye risasi kwa wanyama hawa? Dukani naona maboksi ya rangi kumi na maneno matamu.

Fundi_Lanet

Hapa tukae kidogo, maana watu hubishana kaliba mwaka mzima halafu wananunua kichwa cha risasi kwa kutazama picha ya boksi.

Vichwa vya kuwindia vipo vya aina tatu kubwa.

Ya kwanza ni koti la shaba lililofunika kiini cha madini ya risasi, bila kuunganishwa. Ndivyo vilivyo vichwa vingi vya bei nafuu, na vile vya ncha ya plastiki vilivyotengenezewa umbali mrefu, kama ELD-X ya greni 143 ambayo huuzwa sana na Creedmoor. Kwa yadi 300, mwendo ukiwa umeshuka hadi futi 2,285, kinafunguka vizuri na kuua haraka. Kwa mita 60, kikigonga mfupa wa bega la nyumbu kikiwa bado na kasi yote, kinaweza kupasuka vipande vipande kabla ya kufika kwenye mapafu. Unaona tundu kubwa juu, damu nyingi mahali pa kwanza, kisha mnyama anaondoka na hakuna tena alama. Malalamiko mengi ya "6.5 haiui" yanatokana na hilo: kaliba inalaumiwa kwa kosa la kichwa cha risasi.

Ya pili ni kiini kilichogandishwa kwenye koti, au koti lenye ukuta katikati. Nosler Partition ndiyo ya zamani, ipo tangu 1948. Sehemu ya mbele inapanuka, ya nyuma iko nyuma ya ukuta na inaendelea kuingia hata ya mbele ikimomonyoka. Swift A-Frame ina ukuta na kiini kimegandishwa. Aina hii inasamehe mengi, ya karibu na ya mbali.

Ya tatu ni shaba tupu, mfano Barnes TTSX. Haina cha kupasuka, inabaki na karibu uzito wake wote, inavunja mfupa na kuendelea. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji kasi ili ifunguke. Ikishuka chini ya futi 1,800 au 2,000 kwa sekunde hivi, kutegemea muundo, inaweza kupita kama msumari. Tena shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi. Ndiyo sababu unashuka daraja moja la uzito: greni 120 au 127 kwa Creedmoor, 165 au 168 kwa .30-06. Unapata kasi zaidi, na mifereji ya mtutu inaweza kukizungusha kichwa ipasavyo. Creedmoor ina mtutu unaozungusha mara moja kila inchi 8, .30-06 kwa kawaida kila inchi 10.

Kwa orodha yako, Mzee: .30-06 yenye greni 180 iliyogandishwa au yenye ukuta, boksi la aina moja kwa wanyama wote. Ukichukua Creedmoor, shaba ya greni 120 au 127, au iliyogandishwa ya 140. Zile za koti na kiini visivyounganishwa, za umbali mrefu, ziache kwa shabaha za karatasi.

Bonde_la_Nzoia

Samahani kuingilia. Vipi kuhusu .303? Zimejaa historia hapa kwetu na zinasifiwa sana na wazee.

Fundi_Lanet

.303 ya greni 180 hutoka kwa futi 2,460 hivi, kama juli 3,280. Inatosha kabisa kwa nyumbu kwa mita 150. Tatizo ni kwamba kichwa chake ni cha inchi .311 au .312, si .308, kwa hiyo chaguo la vichwa vizuri vya kuwindia ni finyu sana. Na bunduki nyingi za .303 zilizobaki zina mtutu uliochakaa. Kabla ya kununua ipelekwe kwa fundi mwenye leseni apime nafasi kati ya bolti na ganda. Maganda yakitoka na mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako, nafasi imezidi na ganda linakaribia kukatika. Isipigwe tena mpaka itengenezwe.

Tena kwa kaliba yoyote ya zamani, .30-06 ikiwemo: risasi za jeshi za kabla ya miaka ya 1950 nyingi zina fataki (kiwashio cha kitakoni mwa ganda) zenye chumvi inayokula chuma. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo. Mtutu unaoshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, unakaushwa, ndipo unapakwa mafuta. Kwa unyevu wa Kisumu au Busia, ukiuacha usiku mmoja utakuta kutu asubuhi. Kwa safari ya uwindaji usizibebe kabisa.

Mzee_wa_Menengai

Mama watoto naye atapiga, ana cheti chake, na mwili wake ni mdogo. Teke la juli 27 linanitia wasiwasi kwa upande wake.

Kisumu_Dunga

Kwake ningependekeza Creedmoor bila kusita, kama wanyama wake ni kobu na swala pala wa Uganda na Tanzania. Mkiamua bunduki iwe moja tu ya .30-06, mpe greni 150. Teke linashuka hadi juli 23 hivi, na kwa kobu inatosha ikiwa kichwa kimegandishwa au ni shaba. Muhimu kitako kimfae urefu. Kikiwa kirefu anajivuta nyuma, darubini inamgonga kwenye nyusi, na baada ya hapo hataipenda tena. Kitako kikatwe, kiwekewe mpira mzuri.

Ila greni 150 na 180 hazigongi mahali pamoja. Kila moja ijulikane inagonga wapi kwa mita 100, iandikwe kwenye karatasi ndogo na kubandikwa kitakoni.

Elgon_Mashariki

Hapo naona hatari. Kuchanganya risasi mbili kwenye safari moja ndiko kunakoleta fujo: boksi zinafanana, giza la asubuhi, mtu anajaza ya mwenzake. Bunduki moja, risasi moja. Kama ni lazima ziwe mbili, risasi za aina ya pili zibaki kambini.

Na mkiwa na bunduki za kaliba tofauti kwenye gari moja, namba iliyochongwa kwenye kitako cha ganda isomwe na kulinganishwa na ile ya kwenye mtutu kila mara unapojaza. Kila mara, hata kama umejaza muda mfupi uliopita.

Fundi_Lanet

Niongeze kulenga, kisha niwaachie.

Kaza kwanza skrubu za darubini kwa kipimo cha kiwanda, maana barabara ya vumbi huzilegeza. Anza mita 25, piga moja, sogeza hadi katikati. Kisha mita 100, piga tatu bila kugusa kitu, tafuta katikati ya zile tatu. Usirekebishe kwa risasi moja. Darubini ya robo dakika (dakika hapa ni kipimo cha pembe) husogeza kama milimita 7 kwa kila mlio kwenye mita 100, ya nusu ya hiyo milimita 3 na nusu. Kwa kaliba zote mbili hizi, ziweke zigonge kama sentimita 5 juu ya katikati kwa mita 100. Hapo hadi mita 200 unalenga pale unapotaka kugonga, bila hesabu yoyote. Subiri mtutu upoe kati ya tatu na tatu, kwani risasi ya kwanza ya mtutu baridi ndiyo utakayompigia mnyama.

Nakuru tuko juu, kama mita 1,850. Hewa ni nyepesi. Ukilenga hapa kisha ushuke kwenye nyanda za chini za Tanzania, kwa mita 200 tofauti haizidi sentimita moja, usihangaike nayo. Joto lina uzito zaidi: risasi zilizoachwa juu ya dashibodi juani hupandisha msukumo, zinagonga juu, na bolti inaweza kuwa ngumu kufunguka. Zikae kivulini. Piga mbili za kuhakikisha ukifika kambini, safari ya ndege na ya barabara hutikisa kila kitu.

Na mahali pa kulenga ni pale pale kwa kaliba zote: mnyama akiwa ubavu, fuata mguu wa mbele juu hadi theluthi moja ya kifua kutoka chini. Moyo wa wanyama wetu uko chini na mbele. Ukilenga nyuma ya bega katikati, kama vitabu vingi vya ng'ambo vinavyochora, unagonga nyuma ya mapafu, na kongoni aliyepigwa hapo mtamfuata mpaka jua lizame.

Mzee_wa_Menengai

Nimeelewa. Kwa sababu ya tandala na punda milia wa Zimbabwe, nachukua .30-06, greni 180 yenye ukuta. Mama watoto tutamkodishia Creedmoor kwenye kampuni ya uwindaji kama wanayo, ili apige kitu kinachomfaa. Swali la mwisho: risasi ngapi, na zinasafirishwaje?

Elgon_Mashariki

Uamuzi mzuri, na kukodisha ni njia ambayo wengi hawaifikirii. Kampuni nyingi zina bunduki, na inakuondolea makaratasi ya bunduki ya pili. Uliza mapema ni kaliba gani, kichwa gani, na ina kitako cha urefu gani.

Risasi: kwa wanyama watano au sita, arobaini zinatosha na kubaki, pamoja na za kuhakikisha shabaha. Chukua za namba moja ya kundi la kiwandani, iliyochapwa kwenye boksi, na ulenge kwa hizo hizo. Mashirika ya ndege hukubali hadi kilo 5 za risasi kwa abiria, na risasi moja ya .30-06 ina kama gramu 26, kwa hiyo huko hakuna tatizo. Zikae kwenye boksi la kiwandani, ndani ya sanduku linalofungwa, mbali na bunduki. Bolti iwe imetolewa.

Ila hakikisha kwanza cheti chako kinaruhusu idadi hiyo. Cheti cha Kenya kinataja kaliba na kiasi cha risasi unachoweza kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja, na afisa wa mpakani atahesabu moja moja. Kibali cha kutoa bunduki nchini na kile cha kuiingiza unakokwenda viwe na namba ya bunduki iliyoandikwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, bunduki inabaki Busia na wewe unaendelea mikono mitupu. Andika namba hiyo leo, ukiisoma kwenye chuma chenyewe, si kwenye risiti ya duka.

Na .30-06 ina faida moja ya mwisho: sanduku la risasi likipotea njiani, ndiyo kaliba utakayoipata kwa urahisi zaidi kwenye kambi unayokwenda.